Waliomvua Chiriku Mikanda

Fundi wa viti vya magari hakuwa mtu wa kuchekacheka. Mumewe alimkimbia wiki ile ile madaktari walipotamka kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo. Mama mkwe naye akasema katika ukoo wao hajapata kuzaliwa mtoto wa namna hiyo, utadhani mkwewe alimwokota sokoni. Tangu hapo hasira ikawa mwenzake wa nyumbani. Alishona nayo, alipika nayo, alilala nayo.

Bintiye walimwita Chiriku, kwa kuwa miguu iligoma lakini mdomo haukujua kupumzika. Maneno yake yalitoka polepole, yakivutika, na aliyetaka kumwelewa ilibidi asubiri. Wengi hawakusubiri. Walimmalizia sentensi, wakaitikia walichokisema wenyewe, wakaenda zao.

Hospitalini, mwisho wa korido, kulikuwa na mashine ya kutembelea: mkanda mpana wa mpira uliozunguka taratibu, na juu yake chuma chenye mikanda ya kumshika mtoto kifua na kiuno, miguu isibebe uzito wote. Dada wa mazoezi alichuchumaa pembeni, akiusogeza mguu mmoja, kisha wa pili. Mwanzoni Chiriku alilia hadi sauti ikamkauka. Baadaye akaanza kutoa amri: ongeza mwendo, dada, hivi tutafika lini? Miezi ikapita, akawa anatoka kitandani hadi mlangoni kwa kushika ukuta. Siku ya kwanza alipofanya hivyo, mama yake aligeuka akajifanya anatafuta sindano.

Ndipo wakaja wageni, wafadhili wa hospitali, na kamera zao, wampige picha Chiriku akitembea. Mkurugenzi wa hospitali aliamuru wazazi wasubiri nje, chumba kisijae. Mlango ukafungwa. Fundi akasimama koridoni na mkoba wa mtoto begani, akisikia makofi, kisha mngurumo wa mashine, kisha kishindo, na kilio alichokijua kuliko jina lake.

Hakubisha hodi. Alimkuta Chiriku amelala kifudifudi, mkanda wa mpira ukimchubua magoti, kidevu kinavuja damu, na wageni wameshika midomo. Mikanda ya kumshikilia ilikuwa imetundikwa ukutani. Fundi alichomoa kamba nyekundu ya kuzimia mashine, akamnyanyua mwanawe.

Mkurugenzi alimsihi atulie. Alisema ni bahati mbaya tu. Picha za mtoto aliyefungwafungwa zingewasikitisha watu. Dada wa mazoezi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amekataa mara moja tu kumvua mtoto mikanda, akakatwa jicho, akafyata.

Chiriku alimeza mate, akaanza kusema. Mkurugenzi akamdakia kwamba ndiyo, mwanangu, pole, umeumia.

"Mwache amalize," fundi alisema.

Chumba kizima kikasubiri.

"Niliwaambia," Chiriku alisema, akivuta kila neno. "Nilisema... nitaanguka. Hawakunisikia."

Fundi akamgeukia mkurugenzi. Sauti yake haikupanda, na wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa.

"Hukusikia, au hukutaka kusubiri?"



Kesho yake fundi akaambiwa aombe radhi kwa kuaibisha hospitali, la sivyo mtoto atapoteza nafasi yake. Akasema radhi hiyo wakaishone wao. Chiriku akakaa nyumbani, miguu ikaanza kukakamaa tena, na kila jioni fundi alipoikanda alijiuliza kama kiburi chake ndicho kinachomuumiza mtoto. Alikasirika zaidi, safari hii na nafsi yake.

Aliyeufungua mlango ni dada wa mazoezi. Alimwendea mkurugenzi, akamwambia kama Chiriku harudi, naye hatagusa mtoto mwingine yeyote. Mtaalamu mwingine hakuwapo. Akina mama wengine waliposikia, wakajaa koridoni na watoto wao migongoni, hawaingii, hawatoki. Chiriku akarudishwa. Fundi hakuomba radhi, wala mkurugenzi.

Siku hizi Chiriku anakwenda shule kwa miguu yake, akisukuma kifaa cha kutembelea chenye magurudumu, akiwahubiria wapita njia. Dada wa mazoezi aliomba msamaha akilia, akasamehewa. Mkurugenzi akipita, fundi hampi hata salamu. Majirani humwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

"Nayaganga," huwajibu, sindano ikiwa mdomoni. "Lakini kusahau, msinifundishe."