Aliyeniomba Taa Kwenye Theluji

Sikuombi uniamini kwa sababu nimeapa. Niamini kwa sababu sina faida yoyote ya kuitunga habari hii. Tangu niisimulie kazini, kuna watu wananisalimia kwa mbali. Na kama ningetaka kutunga, ningetunga mkasa wa kwetu Tanga, ambako mambo haya yanajulikana na yana majina yake. Nisingeuweka Minneapolis, kwenye njia ya baiskeli yenye lami na vibao.

Mimi nafanya kazi maabara, kwenye kampuni moja ya vyakula kule Golden Valley. Tunapima unga na nafaka. Nyumbani ni Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa marefu, pamoja na mume wangu na binti yetu Zuhura. Naenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima. Ndiyo, hata kipindi cha baridi. Basi la kutoka kwangu linanilazimu kubadilisha katikati ya jiji na kusimama kituoni hadi vidole vife ganzi, wakati kwa baiskeli mwili unapata moto kabla sijafika mbali.

Lakini si kwamba nilikuwa nafanya mchezo. Baiskeli yangu ina matairi yenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu. Upepo wa tairi napunguza kidogo siku za theluji. Breki siibani ghafla, naigusa tu, na kona naikata mwili ukiwa wima. Navaa jaketi la manjano linalong'aa likipigwa na taa za gari. Mbele nina taa nyeupe, nyuma nyekundu, na mfukoni nyekundu ya akiba, maana baridi inaua betri. Na sivuki mbele ya gari mpaka nimemtazama dereva usoni na yeye amenitazama. Nakueleza haya yote ili ujue kwamba yaliyonipata hayakutokana na uzembe.

Siku yenyewe theluji ilianza mchana. Ilipofika saa kumi na moja jioni, saa ambayo huku kiza kimeshaingia kipindi hicho, ilikuwa inashuka kwa ubavu na upepo unaisukuma. Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi, alinikuta ninafunga helmeti. Yeye anaishi Champlin, huko kaskazini, na ana gari.

"Mama Zuhura, ride na mimi leo," akaniambia. "Hii snow si mchezo."

Nikamshukuru, nikamwambia kwake na kwangu ni pande mbili tofauti, atachelewa kwa watoto. Akatikisa kichwa, akaenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikaondoka.

Njia yangu inapita kwenye bustani kubwa yenye miti, inaingia chini ya daraja la reli, halafu inakwenda kukata barabara ya magari, ile ile anayoshika Wanjiru kwenda kwao kaskazini. Kwa siku kama ile hakuna anayepita. Theluji ilikuwa laini, haijakanyagwa, na taa yangu ilimulika hatua chache tu mbele, zaidi ya hapo ni weupe unaozunguka. Unajua ukimya wa theluji ulivyo? Sauti zote zinamezwa. Nilikuwa nasikia pumzi yangu na vile vijino vya tairi.

Chini ya daraja alikuwa amesimama mtu na baiskeli.

Nilipunguza mwendo. Nikadhani ameharibikiwa na mnyororo. Alikuwa kijana, mrefu, amevaa koti jepesi la kuvaa wakati majani yanapopukutika, mikono mitupu, kichwa kitupu. Kabla sijafungua mdomo, akanisemesha.

"Dada, uniazime taa yako kidogo. Banapitaka tu, habanione."

Ndivyo alivyosema. Kile Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo, wanaosema "ba" pale sisi tunaposema "wa": wanapita tu, hawanioni. Nilifurahi hata, maana kukutana na Kiswahili njiani ni kama kukutana na ndugu. Lilinijia baadaye swali ambalo lingepaswa kunijia pale pale. Nilikuwa nimejifunika uso wote, shingo na kinywa kwa skafu, macho kwa miwani mikubwa ya theluji. Alijuaje kwamba mimi ni dada? Alijuaje Kiswahili kitanifaa?

Nikamwambia pole, kaka, kutembea gizani bila taa ni kujitafutia kifo. Nikatoa ile ya akiba mfukoni, nikaiwasha, nikamnyooshea.

Hakuipokea.

"Si hiyo," akasema. "Ile inayokuonyesha."

Alikuwa anatazama nyuma ya kiti changu, pale taa nyekundu ilipokuwa inamwekamweka. Niamini ukipenda, sikuogopa wakati ule. Nilimwonea huruma. Nikawaza pengine anaona ile ni kubwa zaidi, na mimi si nitabaki na ya akiba? Nikaivua, nikampa. Kidole chake kiligusa glavu yangu, na baridi ikapenya ngozi na sufu kana kwamba sikuvaa kitu.

"Aksanti, dada. Sasa batanisimamia."

Akapanda baiskeli akaenda. Mimi nikainama kufunga ile ya akiba. Ilikuwa imezimika. Nikaibonyeza, nikaipuliza, nikaipasha moto kwapani. Wapi. Kunyanyua kichwa, na taa yangu ya mbele nayo ikafifia ikafa. Nikasema ni betri, baridi hii.

Nikamtazama akiwa anaishilia. Taa nyekundu ilifika pale njia inapokata barabara, na kwa mbali nikaona jambo ambalo katika miaka yangu yote ya baiskeli sijawahi kuliona. Magari yalisimama. Ya upande huu na ya upande ule, yote, kwa utulivu, na taa zake zikaangaza theluji. Ile nyekundu ikavuka katikati taratibu, ikapotea upande wa pili. Ndipo magari yakaendelea.

Nikatazama chini ili niifuate njia aliyopasua. Hapakuwa na alama ya tairi. Theluji mbele yangu ilikuwa nzima kama unga uliochekechwa sasa hivi. Na nikakumbuka kwamba alipozungumza nami mdomo wake haukutoa mvuke, na mimi wangu ulikuwa unaniganda kwenye skafu.

Nikaanza kusoma kimoyomoyo niliyofundishwa utotoni, huku nikiisukuma baiskeli kwa mikono, maana bila taa sikuthubutu kupanda. Mbele akatokea mzungu mmoja mzee na mbwa wake. Nilishukuru Mungu kuona binadamu. Nikasogea pembeni, nikamsalimu. Mbwa alikita miguu, akaninguruma, manyoya yamesimama. Mzee akamvuta kamba akimuuliza ameona nini, akanitazama, na macho yake yakapita kwangu yakaenda kwenye miti nyuma yangu. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka akanigonga bega. Akapepesuka. Akapapasa hewa kwa mkono, akageuka na mbwa wake, akarudi alikotoka kwa haraka.

Nilimwita. Nilimwita kwa nguvu, nikasikia sauti yangu mwenyewe inafika karibu tu na kuishia hapo.

Nikafika kwenye kivuko. Nikabonyeza kile kitufe cha kuwashia taa za kuonya magari, na zile taa za manjano hazikuwaka. Gari likapita. Jingine likapita karibu hata tope la theluji likanirukia kifuani, na lile jaketi langu la kung'aa, lililomulikwa lote, halikung'aa. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa kiza kitupu. Nikasema moyoni, kijana yule alisimama hapa hapa, akapungia mikono hivi hivi.

Ningebaki pale. Lakini baridi ya huku haikusubiri, ukisimama unalala, na ukilala ndiyo basi. Nikasubiri pengo. Likaonekana, taa za gari lililofuata zikiwa mbali na zinakuja polepole. Nikaingia barabarani. Katikati tairi likazama kwenye tuta ambalo greda la theluji lilikuwa limeacha. Nikavuta, halitoki. Zile taa zikakaribia. Nilimwona dereva usoni kabisa, na nilimjua. Alikuwa Wanjiru, amesogea karibu na kioo, macho yamekaza, anatazama pale pale nilipo.

Nikaiachia baiskeli, nikajitupa kando.

Mlio wake siwezi kuusahau. Gari liliipanda, likaiburuza, likasimama. Wanjiru akashuka. Alikuwa amewasha tochi ya simu. Akaiona baiskeli, akaijua. Akaanza kuniita, Mama Zuhura, Mama Zuhura, akimulika theluji, akimulika chini ya gari. Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Akanimulika usoni. Mwanga ulinichoma macho, na yeye uso wake haukubadilika, akahamisha tochi kwingine. Nililia, rafiki yangu. Nilimwita kwa jina, nikamshika koti, akadhani ni upepo.

Kisha akaiweka simu juu ya theluji, tochi inawaka, ili ainue baiskeli kwa mikono miwili, labda akidhani niko chini yake. Sijui nani alinielekeza. Nikatambaa, nikaiokota ile simu, nikaikumbatia kifuani, mwanga umeelekea juu.

Wanjiru akageuka. Alitoa sauti ndogo, akaketi palepale kwenye theluji.

"Nilikuwa naangalia hapo," akasema. "Mama Zuhura, naapa. Nilikuwa naangalia hapo ulipokuwa, na hakukuwa na mtu."

Nikamwambia najua.

Alinipeleka nyumbani, mbali kote huko, kwa mwendo wa kutambaa, na njia nzima sikuiachia simu yake wala yeye hakuiomba. Wiki iliyofuata alibadilisha zamu. Hajaniudhi na mimi sijamuudhi, ila tukikutana kantini hunitazama mara mbili, kama mtu anayehakikisha, na hawezi kumaliza chakula chake.

Nina jirani, Mama Espérance, mkimbizi wa Uvira, mwimbaji kanisani kwao. Nilimpelekea habari hii nikitarajia atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kijana alikuwa mrefu, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama aliniambia jina, nikasema hapana. Akafuta meza iliyokuwa safi. Mwishoni akasema vijana wengi wa kwao hutoka kazini jioni kwa baiskeli bila taa, na si wote waliofika nyumbani.

"Kama ni yule ninafikiri," akasema, "hakukuomba kwa ubaya. Alitaka tu bamuone mara moja." Jina hakunitajia, na sikumlazimisha.

Sasa mimi napanda basi. Ile hali iliondoka, lakini haikuondoka yote. Milango ya dukani inayojifungua yenyewe mara nyingine hainifungukii, nasimama mpaka aje mtu mwingine niingie naye. Dereva wa basi amewahi kunipita nikiwa nimenyoosha mkono. Na binti yangu Zuhura, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, jioni moja alitoka chumbani akasimama sebuleni, mimi nikiwa kwenye kochi mbele yake taa imezimwa, akauliza kwa sauti mama yuko wapi. Tangu siku hiyo kwetu taa hazizimwi mpaka kila mtu alale.

Kwa hiyo wewe unayetembea kwa baiskeli, funga taa zako kabla hujatoka, na ukikutana na mtu anaomba ile inayokuonyesha, usiivue. Mwambie twende, nitakumulikia, uvuke naye ng'ambo, halafu usigeuke nyuma.

Na wewe unayeendesha gari, ukifika kwenye kivuko theluji inaanguka, ukatazama vizuri kabisa ukaona hapana mtu, nakuomba usipite. Subiri. Tazama tena.