Toa Ulimi

Nisamehe mapema, rafiki, kwa herufi zangu zinazoyumba na maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na kalamu naisukuma polepole.

Juzi, kwenye hoteli ninakofanya usafi hapa West Bay, huku ughaibuni, mpishi Mganda alinimiminia kiganjani matunda madogo ya buluu iliyoiva. "Onja, kaka. Ni bluberi za porini, hazikupandwa na mtu. Zina vitamini, na wanasema zinasaidia moyo. Uzuri wake uko kwenye hiyo rangi."

Nilicheka. Nyanya aliyenilea alisema hayo hayo juu ya zambarau zilizoota kando ya mto wetu: "Usiteme ganda. Dawa iko kwenye weusi." Msimu wake mimi na wajukuu wenzangu tulirudi na sufuria zimejaa, midomo imekauka kwa ukakasi. Jioni alitupanga mlangoni tutoe ndimi. Wenye ulimi wa zambarau walimegewa ugali kwanza. Mwenye ulimi mwekundu aliulizwa kama anataka kuugua.

Shuleni ilikuwa kinyume. Mwalimu wa kwaya naye alikagua ndimi, awajue waliochelewa mazoezi kwa kupitia mtoni. Siku moja akaukuta wangu.

"Wewe! Kwaya umetoka."

Mimi niliogopa hata kuitika jina langu darasani. Kwenye kwaya tu ndiko nilikokuwa na sauti. Nililia njia nzima.

Jioni mwalimu akaja nyumbani kunishtaki. Nyanya hakubisha. Alimwekea kigoda na bakuli la zambarau zilizonyunyiziwa chumvi.

"Kula kwanza, mwalimu. Mashtaka hayaozi."

Akala moja, akala kumi, huku akieleza utundu wangu. Bakuli lilipobaki mbegu tupu, nyanya akasema taratibu, "Haya mwanangu, toa ulimi."

Sisi nyuma ya mlango tuliumwa mbavu kwa kicheko. Mwalimu alizitazama mbegu, akautoa. Zambarau tupu!

"Basi, kesho aje aimbe," akasema. "Lakini akichelewa tena, mama, nitamfuata huko huko mtoni."

"Uje na sufuria," nyanya akamjibu.

Mizambarau ile ilikatwa daraja lilipojengwa. Nyanya naye hayupo. Lakini juzi, ndani ya lifti niliyotoka kuifuta, nilitoa ulimi mbele ya kioo. Buluu! Nikaimba wimbo wetu wa kwaya kwa sauti yangu yote, mpaka mlango ulipofunguka ghorofa ya thelathini.

Wewe je, ni tunda gani lililokupaka ulimi utotoni? Niandikie. Ukikosea herufi, nitakuelewa.