Dishi Lililohamia kwa Jirani

Niliondoka kijijini Masanze asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, jembe limenichosha. Mjini Kilosa nikamkuta mtu juu ya bati anazungusha dishi, anafoka, "Humo ndani hakuna mwenye macho?" Nikajiingiza sebuleni bila kukaribishwa, nikaitazama televisheni, nikampazia sauti: "Bado! Rudi kidogo! Hapo hapo!" Ndivyo nilivyopata kazi.

Mtu huyo wa juu ya bati tulimwita Fundi Mkuu, ingawa mafundi tulikuwa wawili tu. Alinifundisha kwamba dishi ni sikio: huelekezwa kwenye satelaiti angani, pasiwe na mti wala mlima katikati. King'amuzi ndicho kinachogeuza mawimbi kuwa picha. "Fundi haagi," alisema, "mpaka mwenye nyumba aone." Baadaye alinihamishia Mikumi, kwenye baa na nyumba za wageni za barabara kuu. Meneja mmoja huko alikuwa akinifokea mvua ikikata mpira: "Iambie satelaiti yako wateja wameshakaa!"

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa bati. Mjukuu wangu anatazama kila kitu mtandaoni. "Babu, kwani mlikuwa mnasubiri saa ya kipindi?" Tulisubiri, na kikikupita kimekupita. Simu yenyewe humsubiri mtu. Nami naipenda: natazama watu wa mbali wakijenga madaraja, nisipoelewa narudisha nyuma mara tatu, nanuna bando likiisha tu. Lakini enzi zile kila mtu angekuwa na simu yake, kazi yangu ya kule milimani Vidunda isingekwenda vile.

Nilipanda huko kumfungia dishi Mzee Yohana. Kwaya ya binti yake ingeonyeshwa moja kwa moja saa tisa alasiri, mara moja tu. Kufika, nikakuta mlima umesimama nyuma ya nyumba, umeziba upande wote niliouhitaji. Nikahangaika na dishi hadi saa nane. Palipokuwa wazi ni uwanja wa jirani, Mama Kulwa, aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa. Na waya wa kutosha nilikuwa nimeusahau Mikumi, kwa hiyo televisheni yenyewe ingebidi iende huko.

"Siendi," alisema Mzee Yohana. "Ng'ombe wake walimaliza maharage yangu. Mwaka wa pili huu akiniamkia siitikii."

"Basi, mzee, binti ataimba, sisi tutatazama mlima."

Mzee akainua betri yake ya sola mwenyewe, mimi nikabeba televisheni na dishi. Mama Kulwa alikuwa anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliitazama betri, halafu akamtazama yeye. "Marahaba, mwanangu. Tumekuletea televisheni."

"Jamani! Sasa mbona mmesimama? Viti hivi hapa!"

Nikalisimamisha dishi uwanjani, picha ikatulia kwaya ikiwa katika wimbo wa pili.

"Yule!" mzee akaruka. "Wa tatu!"

"Mwenye kilemba?"

"Huyo huyo!"

Mama Kulwa akapiga vigelegele kana kwamba amemzaa yeye.

Tulitazama hadi jioni; nilipomaliza kukaza nati za dishi, jua lilikuwa limeshazama, na njia ya kushukia ni ya mawe.

"Fundi atalala kwangu," alisema mzee.

"Kwako wapi, baba? Dishi liko hapa, fundi yuko hapa. Nimeshamtandikia."

Mzee alikwenda kwake, akarudi na blanketi lake begani. "Huku baridi, fundi," alisema, akanikabidhi, kisha akavuta kiti, akakaa kungoja ugali.