Gari la Baba Lililogawanywa Vipande

Siku ya kumaliza matanga ya baba, ukoo ulikaa uani kwetu Kasongo ukaligawanya gari lake kama watu wanavyogawana mbuzi. Sisemi kwamba waliliuza wakagawana walichopata. Walileta spana. Baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa kikao, alichukua injini akaipeleka kwake Kabambare. Shangazi alipata viti viwili na usukani. Kaka yangu wa kwanza alipata magurudumu, akaenda nayo Wamaza. Bodi ilibaki nyuma ya jiko kwa sababu hakuna aliyeweza kuibeba, na kuku wakahamia humo. Gari lilikuwa moja na wenye kulitaka walikuwa wengi, basi kila mmoja akapata pande lake asije akasema ameonewa. Kwa akili yao hiyo ndiyo haki, na kweli siku ile hakuna aliyegombana na mwenzake.

Mama hakupewa kitu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la watu wawili, la Kiingereza, lililotengenezwa kwa ajili ya kukimbia. Halikuwa na paa ila kitambaa cha kukunja. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mwingereza wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ambaye hakuna anayemkumbuka. Yeye alimuuzia Mgiriki mwenye duka la vitambaa hapa Kasongo, naye akalivusha kwa meli hadi Kalemie, akaja nalo kwa njia ya Kabambare enzi barabara ile ilipokuwa bado barabara. Fujo zilipoanza Mgiriki aliondoka, akamwachia jirani yake, mfanyabiashara wa mpunga, Mwislamu mwenye moyo mweupe. Huyo aliliazimisha kwa kila harusi, ya msikitini na ya kanisani, na mabibi harusi wa mji mzima walifika kwa waume zao na vumbi mpaka kwenye kope. Baba, dereva wa lori la misheni, alilitamani miaka na miaka, mwishowe akalipata kwa mpunga wa mavuno yake. Majirani walimcheka wakasema amenunua beseni lenye magurudumu.

Usukani wake ulikuwa upande wa kulia, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nyuma ya lori baba alikuwa haoni kitu. Aliyeona ni mama, kwenye kiti cha kushoto. Baba aliuliza, "Iko mutu?" na mama alichungulia akajibu, "Ngoja," au "Pita." Hakuna lori ambalo baba alilipita bila ruhusa ya mama. Ndiyo maana mgawanyo ule ulinikaa kooni. Waliwapa watu ambao hawakuwahi hata kulisukuma gari likikwama, wakamruka mwanamke aliyekuwa jicho lake.

Nauza piesi, yaani vipuri, za pikipiki sokoni. Mwaka juzi miguu ya mama ilianza kuvimba, nikaona kwamba wakati unanikimbia. Nikala yamini kwamba mama ataketi ndani ya gari la mume wake, likiwa zima, na ukoo wote ukiona kwamba ni lake. Watu waliniambia nimerogwa. Niliwajibu kwamba aliyeniroga ni yeye aliyenizaa, waende wakamuulize dawa.

Nilianza kwa shangazi. Viti vilikuwa sebuleni kwake, amevifunika vitambaa vya kufuma, vya kukalia mapadri na wakwe tu. Mimi alinikalisha kwenye kigoda. Nilimpelekea viti vya mbao vyenye mito, akavizunguka, akavibonyeza, akalalamika kuhusu rangi, kisha akaniachia vile vya gari pamoja na usukani. Kaka yangu wa Wamaza alikuwa amefunga magurudumu kwenye mkokoteni wa kubebea mihogo.

"Weye mwanamuke, gari ya nini?" aliniuliza.

"Ya mama yako," nilimwambia. Nikamfungia magurudumu mengine kwenye mkokoteni wake palepale, huku akiendelea kunung'unika.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mfupa mgumu. Injini ilikuwa inamsagia watu unga Kabambare. Aliifunga kwa mkanda kwenye mashine ya kusaga, na kwa miaka yote ile nyumba yake haikuwahi kulala na njaa. Nilifika kwake nimejaa matope mpaka kiunoni, maana ile njia pikipiki inakupanda kuliko unavyoipanda wewe. Hakunikaribisha hata maji.

"Moteri hii ndiyo inalisha watoto yangu," alisema. "Na nikuambie kitu. Kama tungeiacha gari nzima, watu wa bunduki wangeibeba zamani. Juu ya kuigawanya, ndiyo maana ingali iko."

Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Vita vilipopita hapa vilichukua kila kilichokuwa na magurudumu na injini mahali pamoja. Gari la baba lilipona kwa kuwa halikuwa gari.

"Na mama?" nikamuuliza. "Mama alipata nini?"

"Mama yako hakuomba kitu."

"Mulimuuliza?"

Akageukia mashine yake, akajifanya anakaza mkanda.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilirudi Kasongo, nikaagiza injini mpya ya dizeli, ya Kichina, nikaipeleka Kabambare juu ya pikipiki, nikakaa pale mpaka wake zake baba mdogo waliposema wenyewe kwamba unga umekuwa laini kuliko wa zamani. Ndipo akaniachia ile ya baba. Injini ya Kiingereza tuliifungua vipande, tukaigawa kwenye pikipiki kadhaa, na kila kwenye daraja la magogo nilishuka nikatembea nyuma ya ile iliyobeba pande kubwa, nimeshika kamba, kana kwamba ningeweza kuizuia isianguke mtoni. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti. Haikuanguka.

Kulitengeneza kulichukua msimu wa mvua na zaidi. Mimi na makanika wa jirani na kibanda changu tulisugua kutu mpaka tukaota kutu. Gasketi tulizikata wenyewe, mipira ya breki tuliipata kwenye piesi za pikipiki, kitambaa cha paa kilishonwa na fundi wa mahema. Rangi tuliyopata ilikuwa ya bluu, tukapaka hiyo. Kuku walihama kwa kelele nyingi. Injini ilikohoa siku kadhaa, ikapiga moshi mweusi, nikaitukana kwa Kibangubangu na kwa Kifaransa, halafu asubuhi moja ikashika. Nililia mbele ya wateja wangu na wala sikuona haya.

Niliwaita wote. Shangazi alikuja, kaka akaja kutoka Wamaza, baba mdogo akaja na kofia yake ya vikao. Hawakumaliza hata kulizunguka wakaanza: viti viko vyangu, magurudumu ni yangu, bila moteri yangu lingetembea? Nilihisi spana zinarudi. Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni, anapepeta mchele.

"Mama, panda," nilimwambia.

"Sipandi gari ya watu," akajibu bila kuinua macho.

Damu ilinipanda kichwani. Baada ya matope yote yale! Nilitaka kupiga kelele, lakini baba mdogo alinishika mkono. Alikuwa amemsikia. Alionekana mzee kuliko alivyoingia. Kisha akavua kofia, akaenda mpaka ukingoni mwa mkeka, akachuchumaa.

"Shemeji," alisema, "gari hii iko ya nani?"

Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akasimama polepole kwa ile miguu yake.

"Iko yangu," alisema. "Ilikuwa yangu hata siku ile munaifungua, nami niko jikoni ninawapikia."

Mama alipita katikati yao, akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, akaketi.