Siku Mapenzi Alipompita Mamake

Jumatatu kituoni huwa hapana pa kutia mguu. Waliojikaza na maradhi yao Jumapili huja wote kwa pamoja, na kituo kile cha afya cha Kisauni, kando ya njia iendayo Bamburi, kilikuwa na wauguzi wawili tu wa kuwapokea watu wazima: Mapenzi Charo na mwenzake Linda. Mapenzi ndiye aliyepita barazani akimtazama kila aliyeketi kwenye benchi, kisha akaamua nani aingie kwanza. Wengi hudhani wa kwanza ni aliyetangulia kufika, au yule anayelia zaidi. Mapenzi alikuwa ameifanya kazi hiyo muda wa kutosha kujua kwamba anayelia bado ana pumzi ya kulilia.

Asubuhi hiyo aliinua macho akamwona nduguye Tsuma anaingia, amemshika mama yao kiunoni. Bi Dorcas alikuwa ameteleza shambani kwake Mwakirunge akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono kilikuwa kimefura na kupinda, na yeye, mwanamke asiyelia ovyo, machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Mapenzi! Njoo umtazame mama!" Tsuma aliita.

Mapenzi akawaendea mbiombio. Katikati ya baraza akampita mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi, kichwa amekiegemeza ukutani. Hakuwa akilia wala kuita. Lakini uso ulikuwa umempauka kama majivu, na jasho limemtoka kwenye kivuli kile kilichokuwa na upepo. Mapenzi akasimama.

"Waitwa nani, dada?"

"Carolyne. Nafanya kazi ya kufua nguo hotelini. Ni tumbo tu, sista. Wahudumie hao wengine, mimi nitangoja."

"Na hilo bega mbona umelishika?"

"Limeanza kuuma leo asubuhi. Nilianguka chooni, kizunguzungu. Pengine nililiumiza huko."

Mapenzi akamshika mkono. Vidole vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka majini, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio mno hata hayakuhesabika vizuri. Akamwinamia sikioni akamuuliza kuhusu siku zake za mwezi. Carolyne akafikiri, akasema zilikuwa zimechelewa, na hakujali kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Hapo Mapenzi alijua. Tumbo, bega, kizunguzungu, vidole baridi: kila kimoja peke yake kilikuwa jambo dogo. Vikikutana, vilisema mwanamke huyu anavuja damu ndani kwa ndani.

Akageuka. Mamake alikuwa akimtazama, ameunyoosha ule mkono uliovunjika, kama mtoto aonyeshaye kidonda.

"Nangoja hapa, mwanangu?"

"Ngoja, mama," Mapenzi alisema, na hakuongeza neno. Akaita machela.

Walimlaza Carolyne, wakampandisha miguu, Linda akamtundika dripu. Daktari Clifford alikuja upesi, akatazama kipimo cha presha.

"Presha si mbaya sana, Mapenzi. Tupime mkojo kwanza, tujue kama ana mimba?"

"Bado ni kijana, mwili wake unaishikilia. Ikianguka itaanguka mara moja, daktari. Mkojo tutaupima tukiwa tayari kuondoka."

Clifford akamgusa tumbo, Carolyne akaguna. Daktari hakubisha tena. Alitoa simu akawaarifu wa hospitali kubwa kisiwani watayarishe chumba cha upasuaji, na kipimo kilipojibu kwamba ana mimba, Hashim wa ambulensi alikuwa keshawasha gari. Alihitajika muuguzi wa kumsindikiza. Mapenzi akapanda.

Tsuma alimkimbilia mpaka mlangoni mwa gari. "Waenda wapi? Yule ni mamako!"

"Linda atamshughulikia," alijibu, na Hashim akafunga mlango.

Kwenye daraja la Nyali presha ya Carolyne iliporomoka, kama alivyohofia. "Wallahi, nitawapitisha," Hashim alisema, na ving'ora vikalia mpaka magari yakasogea kando. Wapasuaji walikuta mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija wa uzazi umepasuka. Mimba haikusalia. Carolyne alisalia.

Mapenzi aliporudi kituoni mamake alikuwa keshaondoka. Linda alikuwa ameufunga mkono kwa kibao, akampa dawa ya maumivu, akamwelekeza akapigwe picha na kutiwa plasta.

Siku yake ya mapumziko ilipofika alikwenda Mwakirunge. Mamake alimpokea kwa chai, mkono wenye plasta umetundikwa shingoni, na maneno machache.

"Mapenzi."

"Abee, mama."

"Yule mwanamke, ungemwacha, angekufa?"

"Angekufa."

"Na mimi?"

"Wewe ungeumia tu, mama."

Bi Dorcas akaweka kikombe chini. "Kuumia nako si haba. Sikukuuliza kwa nini hukuanza na mimi. Kila mzazi wa pale benchi ana mtoto wake. Lakini ulinitazama kama hunijui. Ungeniambia tu, 'Mama, yule hali yake mbaya kuliko yako,' ningengoja hata mpaka jioni."

Uamuzi wake Mapenzi angeurudia vilevile kesho na keshokutwa, hilo halikumsumbua. Kilichomchoma ni kwamba neno lile lingemchukua pumzi moja tu, na kitambaa cha kuutundikia mkono kilikuwa mfukoni mwake. Akaomba radhi. Mamake akaitikia kwa kichwa, akamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Tangu hapo, akishampeleka ndani aliye hatarini, Mapenzi hurudi barazani japo kwa dakika. Huwaambia waliobaki kwa nini wamepitwa, na aliye na maumivu humtafutia dawa papo hapo. Manung'uniko hayakwisha, ila yamepungua.

Mkono wa Bi Dorcas ulipona, umepinda kidogo. Majirani wakimuuliza, siku akiwa na furaha husema binti yake aliokoa mtu. Siku mkono ukimuuma, husema binti yake alimpita kama nguzo ya stima. Yote mawili ni kweli, na Mapenzi hajawahi kumkatiza.