Marehemu Bado Yuko Kazini

Mama mmoja mchora ramani aliajiriwa na idara ya maji kuziba pengo la mzee mmoja aliyefariki, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa jinsi alivyochora polepole. Mama huyu akapewa meza ya Kobe, kiti chake kilichobonyea upande mmoja na kompyuta ile ile. Jina la kuingilia na nywila tu ndivyo vilivyokuwa vyake mwenyewe.

Asubuhi moja alihifadhi mchoro wa mabomba ya mtaa wa sokoni. Penye jina la mwenye faili paliandikwa: kobe.

Akadhani macho yanamdanganya. Akahifadhi mwingine: kobe. Akaiuliza mashine ni nani aliyefungua programu ya kuchorea saa hiyo. Ikajibu: kobe.

Nywele zikamsimama. Tangu hapo akawa anachora mgongo kaupa ukuta, na kiti kikilia kidogo tu, moyo unamlipuka. Hakumwambia mtu; alikuwa mgeni kazini, wangesema karukwa na akili. Nyumbani dada yake akaona chakula hakimpiti.

"Una nini wewe?"

"Dada, ofisini kuna marehemu anafanya kazi."

"Si afadhali? Akusaidie, urudi mapema." Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaacha kucheka. "Kesho mwambie fundi wenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Fundi wa kompyuta hakushtuka. "Aa, hilo nimelifanya mimi. Kompyuta haijali majina, dada, inajali namba ya mtumiaji. Nilikupa jina lako, ila nikakuweka kwenye namba ya Kobe ili uitumie michoro yake bila usumbufu. Ikitaka kuandika jina, inachukua la kwanza inalolikuta kwenye namba hiyo."

"Kumbe!" Akashusha pumzi.

"Ngoja nimfute, yeye na mafaili yake yote, upate usingizi."

Mama akamdaka mkono. "Mafaili yake ni yapi, na yangu yapi?"

Fundi akauondoa mkono kwenye kibodi. Namba ni moja. Mashine ingefagia yote, michoro ya mabomba ya mji mzima.

Walishinda wakitenganisha mchoro mmoja mmoja, hadi mama akapata namba yake. Jina lake lilipotokea alilisoma mara mbili.

"Kuna wengine uliowaweka hivi?"

"Wahasibu," fundi akasema, tayari kasimama. "Na mmoja wao, aliyeacha kazi, nimemfuta leo pamoja na mafaili yake."

Akatoka mbio, mama nyuma yake. Walipofika ofisini kwao, wahasibu wawili walikuwa wamesimama mbele ya kioo cha kompyuta kisicho na faili hata moja, kila mmoja akimwapia mwenzake kwamba hakugusa kitu.