Kisiwa cha Udongo Pembeni ya Bustani ya Shule

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mlima unaotapika moto, akaniuliza kama nimewahi kusikia nchi inayoitwa Aislandi. Nikamwambia naijua vizuri, niliijenga kwa mikono yangu. Akacheka, akadhani ni uzee. Basi wewe rafiki yangu nisikilize, maana ni kweli, na nusura nchi hiyo imponze mwalimu wetu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya kijiji chetu, juu kabisa mlimani, upande wa Mgeta. Shule ilikuwa na atlasi moja tu, na mchwa walishaionja. Mwalimu wetu wa jiografia, kijana mpole aliyetoka Gairo, aliamua kwamba kisichopatikana kwenye karatasi tutakitengeneza kwa udongo. Wiki nzima tulibeba udongo mwekundu kwa karai, tukaukanyaga kwa maji ya mfereji mpaka vidole vikafa ganzi, tukainua kisiwa kikubwa kama vitanda viwili, pembeni ya bustani ya kabichi ya shule. Sisi watoto wa mlimani tulikata matuta ya ngazi kwenye kila mteremko na kuchomeka majani yawe migomba, kwa kuwa hatukuwahi kuona mlima usiolimwa.

"Jamani, ng'oeni hiyo migomba," mwalimu akasema huku akicheka. "Huko juu ni barafu. Jembe halifiki."

Tukang'oa. Tukamwaga chokaa iwe barafu, kisha tukapanga vijiwe vyeupe viwe nyumba, vyote chini kabisa, kandokando ya bahari.

Jioni ile nilikuwa namenya njegere na bibi, aliyenilea, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa unatutoa machozi. Akaniuliza tumefanya nini na udongo wote ule. Nikamjibu kwa majivuno: "Tumejenga nchi, bibi. Watu wote wako chini. Mlimani haishi mtu. Mwalimu katukataza kuweka hata nyumba moja."

Njegere zikaacha kudondoka kwenye sufuria.

Ili uelewe, kumbuka hali ya siku zile. Kule bondeni watu walikuwa wanahamishwa kwa malori kwenda vijiji vipya, na kila aliyepanda kutoka sokoni Morogoro alikuja na habari ya nyumba zilizoezuliwa. Kwetu lilikuwa halijaja lori, lakini tulikuwa tunalisubiri kama unavyosubiri ugonjwa ulioingia kwa jirani. Na kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Bibi alipewa mashamba yale na mama yake, yangekwenda kwa mama yangu, kisha kwangu. Safari moja ya lori ingemaliza yote.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Tukiwa mstarini tulisikia kwanza majembe yakigongana, kabla hatujamwona mtu. Kisha wakatokea, wanawake kwa wanaume, bibi yangu mbele, na mwenyekiti wa kijiji nyuma akihema.

"Shikamoo bibi," mwalimu akasema.

Bibi hakuitikia. Sijawahi, kabla wala baadaye, kuona mkubwa akiiacha shikamoo namna ile. Aliunyoosha mpini wa jembe kwenye kisiwa. "Ndiyo hii? Nyumba yangu ni jiwe lipi?"

"Hapa si kwetu, bibi. Hii ni Aislandi, nchi ya mbali, kaskazini."

"Mwongo!" Huyo alikuwa jirani yetu, mwanamume mwenye sauti nene. "Kwao Gairo wameshapangwa mistari kama kabichi, sasa anatafuta wenzake!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwenyekiti, ambaye nilitumaini angewatuliza, akauliza kwa sauti ya mkutanoni: "Ndugu mwalimu, nani amekuagiza kuchora kijiji chetu?"

Mwalimu angeweza kuingia ofisini na kujifungia. Badala yake alichuchumaa pale kwenye udongo, majembe yakiwa juu ya kichwa chake, akaanza kueleza taratibu kama anavyotueleza sisi.

"Nani aliwatoa mlimani?" bibi akamkatiza.

"Baridi, bibi. Na moto, maana milima yao hupasuka."

"Siyo serikali?"

Mwalimu alimtazama mwenyekiti. Tulisikia maji yakipita mferejini.

"Siyo serikali. Rais wao wanamchagua wenyewe. Wana bunge la zamani sana, ambalo mwanzoni lilikaa nje, penye majabali. Watu walikuja na farasi kutoka pande zote, wakabishana mpaka wakapatana."

"Kama sisi hapa," mama mmoja akasema, "ila wao hawakuja na majembe."

"Wanakula nini sasa, barafu?" jirani akadakia.

"Samaki na kondoo. Samaki kwao ni kama mkonge na pamba kwetu, ndio wanaowauza nje. Nyanya wanalima ndani ya nyumba za vioo, zinazopata joto kwa maji yanayotoka ardhini yakichemka."

"Nyanya ndani ya nyumba! Mama, usidanganywe!" jirani akamwambia bibi.

"Maji ya kuchemka nimeyaona Kisaki," bibi akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Wewe. Ni kweli?"

 Kijiji kizima kilinitazama, na mwalimu hakunitazama, labda ili asinitishe.

"Ni kweli, bibi. Mimi sikukwambia kwamba ni Aislandi."

Mwalimu akainuka, magoti yana udongo. "Mama yangu alipakiwa kwenye lori, bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Analia mpaka leo. Mimi nitamfundishaje mtoto jambo lile?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. 

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema.

Majembe yakashuka. Bibi akaokota kijiwe cheupe ufukweni, akakiweka kileleni, katikati ya chokaa.

"Hapo utaganda, bibi," mwalimu akasema.

"Nigande kwangu."

Sasa watu wakacheka vizuri. Somo liliendelea, na wazazi walibaki kulisikiliza.

Masika yalikiyeyusha kisiwa, na mwaka uliofuata mwalimu akapewa uhamisho. Lori halikufika kwetu. Tulishuka wenyewe, mmoja mmoja, kutafuta shule, kazi na umeme. Mfereji umeziba, matuta yameota magugu, na jioni husikii mtu akimwita mwenzake kutoka mteremko wa pili.

Bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kushuka, miguu ilipomkatalia. Mimi nilikodi vijana wanne wakambeba kwenye machela mpaka barabarani. Hakubisha. Aliishi kwangu Morogoro miaka miwili, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mlima, na kila asubuhi aliniuliza kama shamba limepaliliwa.

Nilimjibu ndiyo, limepaliliwa. Alinitazama kidogo, akanishukuru, kisha akageukia ukutani.